Pankeki za Saa Nne na Nusu

Mwezi wa pili mwaka huu nilizaliwa mara ya pili. Sisemi kuokoka, maana kuokoka niliokoka kitambo hapa Mweiga na mashahidi wapo. Nasema nilizaliwa, hospitalini Nyeri, kilo tatu na gramu mia moja, kutoka tumbo la Mwende, mke wa mwanangu Kim. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Kwa hiyo mtoto huyo ni Kagure, na Kagure ni mimi. Watu wakija kumwona mtoto hunisalimia mimi mkubwa kwanza, kisha huinama kitandani wakanisalimia mimi mdogo. Ndivyo ilivyo, wala si mimi niliyeanzisha.

Shida ni kwamba mimi mdogo nilikuwa siongezeki. Wiki ya tatu tulipoenda kliniki mizani ilisema kilo tatu na nusu. Wiki ya tano ikasema kilo tatu na nusu. Nesi aliinua kalamu akauliza mtoto ni wa nani, nikamwambia ni mimi, ni jina langu. Alinitazama kidogo, akamgeukia Mwende, akamuuliza kama anakula. Mwende akasema anakula. Mimi nikakohoa. Nesi akaniambia nikakohoe nje.

Hilo la kukohoa tuliache. Ukweli ni kwamba Mwende alikuwa hali chakula. Huku kwetu mama aliyejifungua hupewa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, yanayochemka kutwa nzima na kuni zikaisha kabla hayajaiva. Nilimpikia njahi na ndizi. Nilimpikia njahi na viazi, njahi na mahindi, na supu ya njahi peke yake. Sahani ilikuwa inaingia chumbani imejaa na kutoka imejaa, imefunikwa vizuri, kijiko juu. Nilipomuuliza, alisema ni harufu. Mtu ametoka Makueni, kwao wanakula mbaazi kila siku ya Mungu, halafu ananiambia mimi harufu.

Nilijizuia. Mimi nina hasira, hilo linajulikana mpaka kwa chama cha maziwa, lakini mwanamke anayenyonyesha hagombezwi. Kila nilipompelekea sahani nilimwambia kwa upole, "Kula, Mwende. Usipokula mimi nitanyonya nini?" Nilidhani hayo ni maneno matamu. Naye alikuwa anaitikia, "Sawa, Mami," na kugeukia ukuta.

Nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nimemwambia mtu, hata Kim. Nitaisema mahali pake.

Kim anafanya kazi stoo ya hoteli moja Nanyuki na huja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mwende naye alikuwa hoteli hiyohiyo, upande wa keki. Huko ndiko walikopatana. Jumatano nilimpigia Kim simu nikamwambia mkeo ananiua njaa. Akasema atamuuliza anataka kula nini, na baada ya robo saa akanipigia tena. Mwende alikuwa amesema kitu kimoja tu anachoweza kukila: pankeki za chokoleti na hazelnati, kama zile alizokuwa akipika Jumamosi hotelini, za branchi.

Nikamuuliza branchi ni nani. Kim alinieleza kwamba ni chakula kinacholiwa saa nne, saa tano hivi, na watu ambao hawakuamka mapema. Wanajeshi wa kigeni na watalii walikuwa wanakuja kukila wakiwa bado na alama za mto usoni. Nikamuuliza kama watu hao ni wagonjwa. Akasema hapana, wamelala tu mpaka usingizi ukaisha. Mimi nimeamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe tangu nikiwa msichana, na hiyo habari ya usingizi kuisha wenyewe sikuwa nimewahi kuisikia. Lakini nilisema sawa.

Sikusema sawa kwa wema. Jioni ile kuta zetu za mbao zilinipa habari nyingine. Mwende alikuwa kwenye simu na mamake, Kanini, na simu ilikuwa imewekwa kwa sauti kubwa maana mtoto alikuwa mkononi. Walizungumza Kikamba na mimi Kikamba sikijui, lakini "Jumamosi" niliisikia, na "Makueni" niliisikia, na kilio cha Mwende hakikuhitaji mkalimani. Kanini alikuwa anakuja kuwachukua.

Na mwanamke akija kumchukua binti yake aliyekonda ndani ya nyumba yako, huna la kusema. Unamfungia mzigo, unamsindikiza hadi barabarani, unarudi na aibu yako. Mimi mdogo, kilo tatu na nusu, ningepelekwa mbali na mimi mkubwa nisijue kama nimenyonya au sijanyonya. Nikaamua kwamba Jumamosi Kanini atamkuta bintiye anakula, tena mbele ya macho yake.

Ijumaa mchana chupa ilifika kutoka Nanyuki, ile ya mdomo mpana, imejaa chokoleti iliyosagwa na hazelnati. Kim alikuwa amempa dereva anayemfahamu ailete. Nilifungua, nikachovya kidole. Ilikuwa tamu, nzito, nyeusi yenye wekundu kwa mbali. Nilibaki nimesimama na kidole mdomoni. Jikoni sufuria ya njahi ilikuwa inatokota kama kawaida. Nikaitazama chupa, nikaitazama sufuria. Rangi ilikuwa moja.

Sikujivunia, na leo sijivunii, lakini sikusita pia. Niliepua njahi, nikaziponda kwa mwiko ule mkubwa wa kupondea viazi vya mukimo mpaka zikawa uji. Nikachuja kwa chujio la chai. Nikachuja tena kwa kile kitambaa cheupe cha kuchujia maziwa. Zilikuwa bado na punje punje ulimini, nikachuja mara ya tatu, mikono ikauma mpaka nikakaa chini. Nikatoa nusu ya chokoleti, nikaweka njahi mahali pake, nikaongeza kakao, siagi na sukari, nikakoroga. Mwisho nikairudisha yote chupani, nikaisawazisha juu kwa kisu na kupangusa mdomo wa chupa. Ile nusu niliyoitoa niliificha kwenye debe la unga, lile linalokaa nyuma ya Biblia ya marehemu mume wangu.

Nilihitaji mtu wa kuonja. Chumba cha karibu na geti nimempangisha Selpha, polisi, mtu wa Vihiga, na kazi yake ni kushuku watu. Nilimpakia vipande vinne vya mkate. Alikula amesimama, bado na sare, akasema, "Hii ni ile kitu ya Wazungu. Iko sawa." Akaomba cha tano. Nikajiambia kwamba kama polisi hajagundua, mama wa Makueni atagundulia wapi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na unga, mayai, maziwa ya ng'ombe wangu, na njugu za makadamia kutoka kwa dadangu wa Mukurweini, maana hazelnati zenyewe za kukatakata juu Mweiga hakuna na hatujawahi kuzihitaji. Mwende alikuja jikoni na mtoto, akakaa kwenye kigoda, akawa ananielekeza. Niliupiga ule unga wa maji nikauona ni mwepesi, mkono ukaenda wenyewe ukaongeza unga. Akasema umetosha, Mami. Nikamimina ya kwanza kikaangoni, na ilipoanza kukauka nikachukua kitambaa nikaikandamiza na kuizungusha.

"Usiifinye," akasema. "Hiyo si chapati. Ngoja itoboke juu yenyewe, ndio ugeuze."

Mimi nimepika chapati miaka arobaini. Mkono haukuweza kungoja. Ya kwanza niliifinya, ya pili niliifinya, ya tatu niliigusa kidogo tu na bado ikaiva bapa. Tulimrushia mbwa zote tatu. Mbwa wa kwetu hula hata kamba, lakini alizinusa kwanza, akatutazama. Mwende akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali, na nilifurahi mpaka nikajifanya nimekasirikia mbwa.

Akanipa mtoto, akasimama, akashika kikaango mwenyewe. Alikuwa anamimina kidogo kwa kijiko kikubwa, anangoja vitundu vitokee juu, anageuza mara moja tu. Zilikuwa zinavimba. Alipofikisha kumi na mbili alichukua chupa na kuifungua. Alinusa. Alikaa na kifuniko mkononi kwa muda ambao hakuna kifuniko kinachouhitaji, na mimi nikaanza kumwimbia mtoto ambaye alikuwa amelala. Kisha akachukua kisu akalainisha chokoleti, akaniuliza chumvi iko wapi. Akatia chumvi kidogo, akakoroga, akaanza kupaka. Sikumuuliza chumvi ya nini.

Saa nne na nusu kamili Kanini akabisha geti. Alikuwa amelala Nyeri mjini kwa mpwa wake Mutuku, mwalimu, kusudi afike mapema. Alikuwa na kuku hai kwapani na mfuko wa mbaazi begani, mwanamke mwembamba, mrefu, ananitazama moja kwa moja usoni. Tukasalimiana kwa heshima zote. Kuku akafungwa kwenye mguu wa meza. Kanini akambeba mtoto, akampima kwa mkono, akamrudisha. Mkono wa mama yeyote ni mizani, na niliona umesoma kilo ngapi.

Aliomba yeye. Alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa nyumba, kisha akaomba Mungu awafikishe salama wasafiri watatu wanaorudi Makueni leo. Alisema watatu, na mimi nilihesabu. Amina yangu ilichelewa.

Tukala. Kanini alikula moja polepole akauliza zile ni njugu gani. Nikasema ni za Ulaya. Mwende alikula ya kwanza, akala ya pili. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho jinsi ninavyotazama ndama aliyekataa ndoo. Akala ya tatu, ya nne. Nikamwangalia Kanini kama anaona. Alikuwa anaona, lakini alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Mama Kim, asante, umetupikia vizuri," akasema. "Lakini hii mtoto yangu amekonda. Mimi nitaenda na yeye, akae kwetu miezi mitatu hivi. Si ugomvi."

Nilitaka kusema tumbo lake limeshashiba pankeki nne. Nilitaka kusema nipe wiki moja. Ndipo nilipouona mkoba wa Mwende nyuma ya mlango wa chumbani, umefungwa zipu, na shali ya mtoto juu yake. Haukufungwa na Kanini. Kanini alikuwa amefika sasa hivi. Mwende alikuwa anatazama sahani yake, na nikaelewa kwamba hizi zilikuwa pankeki za kuniaga.

Nikasema. Sijui kama ilikuwa hasira au nini.

"Nilikuwa na msichana kabla ya Kim."

Nikawaambia aliitwa Wamuyu, jina la mama mkwe wangu, na aliishi wiki tisa tu. Nikawaambia maziwa yangu yalikauka, na kwamba nilikuwa nakataa njahi, nasukuma sahani, nasema harufu. Neno lilelile. Alipokuja Kim nilikula njahi kama adhabu, asubuhi na jioni, sikutaka kuulizwa. Nikawaambia tangu siku ile mizani ya kliniki ilipokataa kusonga silali, naamka kusikiliza ukutani kama mtoto anapumua. Nililia kidogo. Kuku naye alikuwa analalamika chini ya meza.

"Kwa hiyo iko njahi ndani," nikamalizia. "Ndani ya hiyo chokoleti. Nusu nzima."

Kanini aliinua pankeki yake akaitazama upande wa chini.

"Najua," Mwende akasema.

Nikamwuliza anajua vipi.

"Mami, nimepika chokoleti miaka nne. Nilijua hata kabla sijatoa kifuniko yote. Tena ilikuwa haina chumvi."

"Na ukala nne?"

"Tano. Moja nilikula nikipaka."

Hapo nilikasirika kweli, sifichi. Nikamwuliza kama ni hivyo, kama njahi inapita kooni vizuri hivyo, sahani zangu za wiki tano zilikuwa na makosa gani. Alimvuta mtoto karibu, akamfunika mguu uliokuwa nje.

"Haikuwa harufu," akasema. "Kila sahani ulikuwa unajiletea wewe. Ati utanyonya nini. Kila saa ni wewe: umelala, umeamka, umepimwa. Hakuna siku umeniuliza mimi nikoje. Hizi pankeki ndio kitu ya kwanza umeniletea mimi. Hata kama umetia njahi."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu. Nilikaa pale na kisu cha siagi mkononi, na nikasikia sauti nyingine, ya zamani, mlangoni mwa nyumba ya udongo iliyokuwa palepale tulipoketi. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, ameshika bakuli. "Kula, mimi nitanyonya nini?" Alikuwa mwanamke mwema, hata yeye alidhani ni maneno matamu. Na mimi niliyekuwa na miaka ishirini na moja, nimeshonwa, sijalala, niligeukia ukuta. Watu wote niliwaambia ni harufu. Nilikuwa nimewaambia watu hivyo miaka mingi mpaka na mimi nikaamini.

Niliumia. Nilitamani Wamuyu yule mkubwa angekuwa hai nimgombeze, kisha nimwombe msamaha. Lakini aliyekuwa hai mbele yangu alikuwa Mwende, ana chokoleti kwenye kidevu na macho yamezama ndani.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe unataka nini?"

Kanini alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Nataka kulala," Mwende akasema. "Mpaka niamke mwenyewe."

Hakuna kazi rahisi kama hiyo, na katika wiki tano sikuwa nimeifikiria. Nilikuwa nimemwamsha kila alfajiri kwa uji. Nilikuwa nimemwamsha kuwaonyesha wageni mtoto, nimemwamsha kumuuliza kama amelala. Nikasimama, nikatoa mkoba wake njiani, nikamtandikia kitanda upya. Mtoto alinyonya, akashiba au akachoka, nikamchukua. Mwende alijifunika mpaka kichwani na kufikia saa sita alikuwa anakoroma. Kanini aliniuliza kama huwa anakoroma hivyo. Nikasema sijui. Ilibidi nikiri kwamba sijui.

Kanini alimfungua kuku, akampeleka nje kwa wenzake, akampigia Mutuku simu kwamba leo harudi. Aliniambia tutaona. Alikaa siku kumi na tatu. Alihamisha sufuria zangu zote, akapika mbaazi kwenye jiko langu, akamwambia Selpha kwamba chumvi yangu ni kidogo, jambo ambalo Selpha aliniletea siku hiyohiyo. Nilivumilia. Mtoto alipolia tulimpeleka kwa mamake, aliposhiba tulimtoa, mmoja wetu akikaa mlangoni na kurudisha wageni. Wageni wa Mweiga hawapendi kurudishwa. Mmoja alisema Kagure ameharibika, anafuga binti mkwe mvivu. Nilimjibu, lakini jibu lenyewe si la kuandikwa.

Ile nusu ya chokoleti niliitoa kwenye debe la unga. Mwende alinionyesha kipimo chake, njahi vijiko vitatu kwa viwili vya chokoleti, chumvi, makadamia zikaangwe kwanza. Alisema hotelini wangeipa jina. Sahani za njahi na ndizi pia zilianza kutoka tupu, si zote, baadhi. Nilikuwa naziweka mezani na kusema, "Mwende, chakula," basi, halafu naondoka kabla mdomo haujaongeza kitu.

Wiki ya saba tulienda kliniki, Kanini na mimi, na mtoto mgongoni kwangu. Ni karibu, hatua mia tatu tu kutoka getini. Nesi ni yuleyule. Alimvua nguo, akamlaza kwenye mizani, mshale ukazunguka ukakaa kwenye kilo nne na gramu mia moja. Kanini alinishika mkono akaufinya mpaka nikahisi mifupa. Sikuwahi kujua mtu mwembamba ana nguvu hivyo.

Nesi alifungua kijitabu, akainua kalamu, akauliza mtoto ni wa nani. Kanini alinigeukia, akangoja.

"Ni wa Mwende," nikasema.

Nesi akauliza Mwende mwenyewe yuko wapi. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikamwambia amelala.